Manasseh Angwenyi na Chati ya Mistari Mitatu

Tunayemzika leo ni Manasseh Angwenyi, aliyezaliwa Magwagwa tarehe 9 Machi 1933, kifungua mimba wa marehemu mzee Mogire na mama Bosibori, aliyeketi hapa mbele yenu.

Alisoma shule ya misheni, akafundisha hesabu miaka kadhaa, kisha akaenda Kampala kusomea takwimu. Aliporudi mwaka 1965, watu walimuuliza hiyo takwimu huliwa na nini. Ilimkera, ila alicheka nao.

Mwaka 1969 aliajiriwa na kiwanda kimoja cha chai. Mashine ya kukaushia ilikuwa kigeugeu: leo majani makavu, kesho yana maji. Manasseh hakukimbilia kuchora. Kwa miezi alipima unyevu wa majani yaliyotoka mashineni, na kutokana na vipimo hivyo akachora chati: mstari wa wastani katikati, mwingine juu, mwingine chini. Kila saa mfanyakazi alipima na kutia nukta. Nukta ikitoka nje ya mistari, mashine ilisimamishwa na kasoro kutafutwa. Kazi hiyo ndiyo aliyotaka iishi kuliko yeye mwenyewe.

Alikuwa amemwoa Persis kanisani, Desemba 1961. Alipochorachora mezani, Persis alimtania, "Baba Walter, na ugali wangu uko juu ya mstari ama chini?"

"Huo umetoka nje kabisa," alijibu, na akaumaliza wote.

Mwaka 1973 zamu zilipangwa upya. Machogu, aliyetia nukta, akawekwa pamoja na Okemwa, mwendesha mashine, ambaye alikuwa baba mkwe wake. Manasseh, mwana wa hapa hapa, aliukubali mpango huo. Aliiwaza mashine, akasahau chinsoni, ile aibu ya heshima isiyomruhusu mtu kumfichua mkwewe. Nukta zikaanza kukaa katikati, zimetulia kupita kiasi. Hakuna mashine inayotulia hivyo. Aliposhtuka alikwenda kumuuliza Machogu.

"Mwalimu, yule ni baba mkwe," Machogu alisema. "Nimuwekee nukta nje watu wote waone? Kesho nitamwangalia na macho gani?"

Alikuwa amechelewa. Chai iliyofungwa ikiwa na maji ilikwisha kuota ukungu masandukuni, ikarudishwa kutoka Mombasa, ikachomwa. Jasho la msimu mzima likaenda bure, la mama yake, aliyeuza majani yake hapo, likiwemo. Lawama zote zikamwangukia mwenye mistari. Chati zikabanduliwa ukutani, naye akafutwa kazi. Hakuna aliyemtetea, na jambo hilo linatuuma mpaka leo.

Alibaki akimsaidia Persis kuuza ndizi sokoni Daraja Mbili, bila kuongea na mtu. Mwaka 1976 madaktari wa Kisii walimkuta na saratani ya ini. Machogu alipokuja kumwona, Manasseh alimuuliza: kama angepewa chati ile leo, je, angetia nukta nje?

Machogu aliinamisha kichwa. "Mwalimu, baba mkwe bado yuko hai."

Manasseh aligeukia ukuta. Alifariki tarehe 17 Juni 1977.

Ameacha mjane, Persis. Watoto, Walter na Mong'ina. Na mama Bosibori, ambaye Jumatatu atapeleka majani kwenye kiwanda kile kile, kwenye mashine ambayo hakuna anayeipima.

Mungu ampumzishe mwana wetu kwa amani. Hapa duniani hakuipata.