Siamini, Mpimaji wa Rangi za Taa

Marehemu kaka yetu, ambaye kazini na mtaani alijulikana zaidi kama Siamini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, kifungua mimba kati ya watoto wanne. Mama anasema hata uji aliukagua kwanza.

Baada ya sekondari alisomea umeme katika chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1993. Huko aligombana na mwalimu kuhusu majibu yaliyochapishwa nyuma ya kitabu. Kitabu kilikuwa sahihi, lakini hakuomba radhi.

Aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha taa za LED, akabaki huko mpaka ugonjwa ulipomtoa. Kila taa aliiweka ndani ya tufe kubwa lililopakwa rangi nyeupe ndani, akasubiri ipate joto na rangi yake itulie, ndipo akasoma kwenye mashine kama weupe wake umeegemea manjano au buluu. Boksi likiandikwa "nyeupe", alisema, "Hayo ni maneno ya boksi." Hata dukani alibishana. "Taa zenu zinazipaka nyanya poda zionekane zimeiva," aliwaambia wauzaji, nao wakamnunia.

Alifunga ndoa tarehe 4 Agosti 2001. Wifi yetu alipomkubali, kaka alimuuliza tena kesho yake, na keshokutwa akamtuma mama akahakikishe. Walijaliwa binti mmoja.

Januari mwaka huu aliona kwenye kioo cha bafuni kwamba macho yake yana umanjano. Akaishuku taa. Akaibadilisha, umanjano ukabaki. Akaipeleka maabara, ikapimwa, haikuwa na kasoro. Basi akaishuku mashine.

"Baba, si taa. Ni wewe," wifi alimwambia.

"Macho yako yameshazoea taa mbovu, mke wangu."

Mwishoni mwa Machi wifi alimshika mkono, akamtoa nje uani kwenye jua la asubuhi na kumpa kioo. Alijitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe nimeisingizia taa," alisema.

Hospitali walikuta saratani ya kongosho, tayari imesambaa. Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni, mkewe akiwa amemshika.

Daktari ametuambia kwamba hata angewahi Januari, pengine isingesaidia. "Ananifariji tu huyo," wifi amesema. Mimi mdogo wake ninayesoma haya nilimtazama daktari usoni alipokuwa akisema, na sikumwamini.

Ameacha mama, mjane, binti, na sisi wadogo zake watatu. Yeye apumzike kwa amani. Sisi amani bado hatujaipata.