Wakili Fundi Anaweka Sindano Chini

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, wakili wetu mwandamizi anastaafu. Mahakamani wanamwita Wakili Msomi. Sisi wa kitengo cha msaada wa kisheria tunamwita Wakili Fundi, naye huitika.

Alipojiunga nasi, wanawake waliopigwa na waume zao waliogopa hata kusimama mlangoni petu. Mume akisikia mkewe kaonekana kwa mawakili, hukumu ilitolewa nyumbani, kwa ngumi. Yeye akashauri chumba cha mbele kiwekwe cherehani na yafunguliwe mafunzo ya ushonaji bila malipo, ili anayeingia aonekane amekuja kushona. Wakubwa walinuna. Wanawake wakaja.

Siku moja mume wa mteja alimfuata mkewe hadi pale. Mama yule alikuwa chumba cha nyuma, anaapa kiapo cha kuomba amri ya ulinzi; akigundulika, amekwisha. Bwana akatoa suruali mpya, akataka ipunguzwe, atasubiri. Mwalimu wa ushonaji alikuwa msibani. Basi wakili wetu, ambaye kifungo kikimkatika humpelekea mama yake mzazi, akakaa kwenye cherehani. Akashona, akafumua, akashona tena, huku akimsifia bwana kitambaa, mpaka mteja akatolewa kwa mlango wa nyuma na kupelekwa kwa dada yake. Mguu mmoja wa suruali ulitoka mfupi. Bwana alifoka, akaapa hatarudi. Wiki hiyo walikutana mahakamani, fundi kavaa joho, na amri ikatolewa.

Kesi alizoshinda ni nyingi, lakini sisi tutamkumbuka kwa ukali wake. Wakili kijana akimuuliza mteja kwa nini hakuondoka mapema, alitumwa kuchemsha chai, na maswali yakaendelea bila yeye. Nami nimeichemsha sana chai hiyo. Imenifunza kazi.

Tunaishukuru familia yake iliyotuazima mama yao, na mumewe aliyezoea kula peke yake bila kununa.

Mama wa kesi ile ya suruali ametuomba tumfikishie neno moja: kwamba siku hizi akisikia hodi, huitikia ‘karibu’ kabla hajajua ni nani.

Asante, dada yetu. Tunakupenda, na tunakutakia afya, usingizi mwema, na hodi za heri maisha yako yote.