Bi Tambara, Mwenye Mchezo Wake

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la jukwaani la Bi Tambara, aliagiza kwamba siku ya kumzika wasifu wake usipakwe sukari. Familia imetii.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani na mama aliyefua mashuka ya wodini. Mama alisimulia kwamba mtoto hakulia. Mkunga akampiga kofi, naye akampigia mkunga chafya usoni, chumba kizima kikaangua kicheko. "Huyu alianza kazi kabla hajapewa jina," mama alikuwa akisema.

Alisoma shule ya jirani na kumaliza kidato cha nne mwaka 1970. Darasani alikuwa hodari wa kuiga walimu. Siku moja mwalimu wa jiografia alimkuta mbele ya wenzake, mikono nyuma, tumbo mbele, akitembea kama yeye. Akamwambia aendelee. Akaendelea, mwalimu akacheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi, kisha akachukua fimbo. "Kicheko nimekipenda," alisema, "ila adabu sijaiona." Marehemu alirudi nyumbani na somo lisilomtoka maisha yake yote: mtu anaweza kucheka nawe na bado akakuchapa.

Mwaka 1973, akiwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili, alijiunga na kundi la vichekesho lililofanyia mazoezi katika ukumbi wa ustawi wa jamii. Kiongozi wake alijiita Jemadari. Huyo alimpa nafasi ya mtumishi wa nyumbani anayeteleza na ndoo ya maji, halafu anapigwa usoni kwa tambara la kupigia deki. Watu walivunjika mbavu. Jina likamganda, redioni na baadaye kwenye televisheni. Alipoomba japo mara moja apewe nafasi ya mtu mwenye huzuni, Jemadari alimjibu mbele ya kundi zima: "Dada, uso wako umeumbwa uchekwe. Ukilia, watu watadhani una mafua." Wenzake walicheka. Naye alicheka, maana ndiyo ilikuwa kazi yake, lakini siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu ili asikae karibu na mtu yeyote.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na fundi taa wa kundi hilohilo, mtu mpole ambaye uchumba wake wote ulikuwa kumwelekezea taa vizuri. "Wengine walinipa maneno," marehemu alipenda kusema, "huyu alinifanya nionekane." Walijaliwa binti, kisha mtoto wa kiume.

Miaka hiyo alikuwa akitunga mchezo wake wa kwanza, Wajane wa Ghorofa ya Pili, kuhusu wanawake watatu wanaogundua msibani kwamba wote waliolewa na mwanamume mmoja. Aliusimulia wote mazoezini, onyesho baada ya onyesho, akiigiza wajane wote watatu mwenyewe. Mwaka 1982, akiwa nyumbani amejifungua mtoto wa pili, mchezo huo ulipandishwa jukwaa kubwa la mjini. Bango lilisema: "Umetungwa na Jemadari." Alikwenda Jumapili mchana, mtoto mgongoni, akaketi safu ya nyuma kabisa. Alisikia maneno ya mama yake mzazi yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, na ukumbi ukilia. Pazia lilipofungwa aliingia nyuma ya jukwaa.

"Jemadari, huu mchezo ni wangu."

"Mchezo ni wa kundi," akajibu, akijipangusa poda, "na kundi ni mimi. Wiki ijayo tunarudi kwenye vichekesho. Usisahau ndoo yako."

Aliyemjibu kwanza alikuwa mume wake. Katika onyesho lililofuata, kila Jemadari alipofungua kinywa taa zilizimika, na kila alipokifunga zikawaka. Fundi alifukuzwa kabla watazamaji hawajamaliza kutoka, na yeye na mkewe hawakukanyaga tena pale.

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Marehemu alikiweka kisasi chake kiporo, na kila alipokipasha moto kilizidi kunoga. Mwaka 1985, katika bwalo la shule waliloazimwa, alionyesha Jogoo wa Mchana, mchezo wa mzee anayeiba kila kitu, hata usia wa mama yake. Hakumtaja mtu. Alimpa tu yule mzee kikohozi cha Jemadari, kile kikavu cha mara mbili, kikifuatwa na "Sikilizeni, wanangu." Haukupita muda, Jemadari hakuweza kuingia sokoni bila kukoholewa. Wauza mitumba walimkoholea. Mshereheshaji alimkoholea kwenye kipaza sauti, harusini kwa binti yake. Alipotuma wakili, marehemu alimkaribisha chai. "Mwambie aje mahakamani," alisema, "athibitishe kwamba mwizi yule ni yeye." Wakili aliimaliza chai kwa taabu ya kubana kicheko, akaaga, hakuonekana tena.

Mwaka 1991 aliigiza mama aliyefiwa katika filamu yake ya kwanza. Alilia, na hakuna aliyetaja mafua. Baadaye alishika kamera mwenyewe, akaongoza filamu sita. Wakati wa kutafuta waigizaji wa ile ya tatu, mwaka 2006, Jemadari naye alisimama kwenye foleni. Kundi lake lilikuwa limekwisha kuvunjika.

"Nina nafasi moja," marehemu alimwambia. "Ya maiti."

"Ina maneno?"

"Maiti gani huyo mwenye maneno?"

Aliikubali. Alilazwa juu ya sakafu ya saruji asubuhi nzima, shuka hadi kidevuni. "Tena," marehemu aliagiza. "Umepumua." Wakarudia. "Tena. Umefikiri." Mafundi walijificha nyuma ya mitambo kucheka, marehemu hakucheka. Wakati wa mapumziko mume wake alimnong'oneza, "Mama watoto, hujashiba?"

"Nimeonja tu," akamjibu.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya mapafu. Sauti iliyozoea kujaza kumbi ikawa mnong'ono. Binti yake alimsihi amsamehe yule mtu ili moyo upumzike. "Mwanangu," alimwambia, "moyo wangu umepumzika siku nyingi. Anayekosa usingizi ni yeye." Februari 2024 alilazwa, na Jemadari akaja wodini, akiongozana na mpiga picha wa gazeti.

"Dada, nimekuja tusameheane."

Marehemu alimwashiria mdogo wake amwinue. "Sema kwanza ulichofanya."

"Aa, yale ya zamani..."

"Yana jina. Litaje."

Jemadari alimtazama mpiga picha, kisha akatazama viatu vyake. "Unajua mwenyewe."

"Mimi najua. Waambie hawa."

Jemadari akageuza uso kuelekea kamera, akatabasamu. Marehemu akageukia ukutani. "Mtoeni. Anamaliza hewa yangu."

Aliaga dunia tarehe 3 Machi 2024, saa tano asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono.

Jemadari ameomba kusema machache leo. Familia imemkatalia. Ameketi safu ya pili, na anakaribishwa kusikiliza.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake anayewasomea haya, na waigizaji wengi aliowafundisha kuandika majina yao juu ya kazi zao. Ameacha filamu sita na michezo ya kuigiza kumi na mmoja, wa kwanza ukiwa Wajane wa Ghorofa ya Pili, alioutunga yeye, peke yake. Ameacha pia adui mmoja, aliyemtunza vizuri kwa zaidi ya miaka arobaini.

Dada, lala kwa amani. Huyo mwingine tuachie sisi.