Sibrand Hashuki Tutani

Benchi letu hapa Oudezijl limeegemea ukuta wa banda la mashua ya uokoaji. Ubaoni limechongwa jina la mjane aliyelitoa, lakini kijiji kizima huliita Benchi la Waongo, na sisi tunaolikalia hatujapata kukata rufaa. Kila asubuhi mmoja wetu huleta chupa ya kahawa na kopo la biskuti. Kila mtu hupata biskuti moja, kisha kifuniko hufungwa, ndiyo desturi. Jana zamu ilikuwa ya Gerlof Boelens, aitwaye Kizibo kwa kuwa utotoni alianguka bandarini akaelea mpaka wakamwopoa. Kulia kwake alikaa Doeke Terpstra, yaani Upepo, aliyekagua matuta ya bahari, yale ya udongo yanayozuia maji yasitumeze, hadi alipostaafu. Kushoto alikaa Sietse Kamminga, yaani Redio, na sababu ya jina hilo itajionyesha. Mimi wenzangu huniita Mwalimu ingawa sikufundisha popote. Nilisoma tu Paramaribo, mji wa koloni ng'ambo ya bahari, ambako tulikaririshwa tamthilia ya Sibrand, vina na mizani yake, kabla sijaona tuta hata moja.

Tamthilia hiyo ya kale husomwa kwa sauti kanisani kwetu kila siku ya kuikumbuka gharika. Sibrand ana nyumba ubavuni mwa tuta, bahari inapanda, naye hataki kuhama. Katika sehemu ya tano mzimu wa baba yake unamwamuru aondoke, anaondoka, waimbaji wanaimba, mwisho. Msomaji wa Sibrand ni Kizibo, tangu zamani. Na Kizibo naye nyumba yake imeegemea tuta. Tuta litainuliwa na kupanuliwa, nyumba itabomolewa, na yeye na mkewe wametengewa nyingine mjini, ghorofa ya tatu. Mchana ule ule mama mmoja wa Halmashauri ya Maji, inayosimamia matuta, alikuwa anakuja kuchukua jibu lao, kama wanakubali kuhama.

Kizibo akamimina kahawa, akagawa biskuti, akafunga kopo.

Kizibo: Mwaka huu nasoma sehemu nne tu. Ya tano siisomi.

Redio: Acha masihara, mzee. Watu watakaa kanisani wakingoja nini?

Kizibo: Waende makwao. Wenye makwao.

Upepo: Mimi sehemu ya tano sijawahi kuiamini. Mzimu unasema tuta limebomolewa na upepo wa kusini. Kusini! Upepo wa kusini huku kwetu unayasukuma maji yaende zake.

Redio: Mzimu wa mtu aliyelijenga tuta, asijue upepo?

Upepo: Ndiyo maana nashangaa.

Redio: Basi hakuwa mzimu. Ni binamu mtu, kajitanda shuka, analitaka shamba.

Kizibo: Mmeona? Sibrand kadanganywa.

Upepo: Haba na haba hujaza kibaba.

Redio: Hiyo nayo inaingiaje hapa?

Upepo: Si ndivyo maji yanavyoingia?

Redio: Halafu gharika yenyewe hatuioni! Anakuja mjumbe kalowa chapachapa, anasimulia kurasa tatu nzima, kwa vina, na hakuna anayeinuka hata kufunga mlango. Nani siku hizi atavumilia? Mwalimu, hebu sema.

Mimi: Ndivyo walivyoandika enzi zile. Mambo hutokea nje. Jukwaani watu huja kuyasimulia.

Upepo: Kama sisi.

Tukanywa kidogo. Kizibo hakucheka.

Kizibo: Mshairi alilipwa, mimi nawaambia. Alilipwa na wakubwa wa maji wa wakati ule, ili watu wahame bila kelele.

Redio: Wapi! Sikilizeni, nimeshaipata. Ni mkewe! Sehemu ya tatu anamsihi, mtu hasikii. Ya nne anamlilia, mtu hasikii. Ya tano, ghafla, mzimu. Nani aliyeijua sauti ya baba mkwe? Mke! Mzimu ni yeye mwenyewe, kavaa ndevu za katani.

Upepo: Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Kizibo: Aafke hawezi kunifanyia hivyo.

Redio: Nani kamtaja Aafke?

Hakuna aliyemtaja. Aafke ni mke wa Kizibo. Alikuwa amekwishakwenda mjini kuiona ile ghorofa na kupima madirisha yake kwa ajili ya mapazia. Kizibo alikuwa hajakanyaga.

Kizibo: Mtu kazaliwa mahali, babake kafia chumba kile kile, mnataka ashushwe kama gunia la viazi?

Upepo: Tuta ni fupi, ndugu yangu. Nimelitembelea maisha yangu yote. Kaskazini-magharibi ikiamua kuvuma kweli, halitoshi.

Kizibo: Najua ni fupi. Nani kasema ni refu?

Hapo akaja Mirjam Oskam na mbwa wake. Amehamia kijijini majira haya ya baridi, na mwaka huu ataimba kwenye kundi la waimbaji. Kwapani alikuwa na Sibrand wa maktaba.

Upepo: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sogeeni, sogeeni.

Mirjam: Asanteni, wazee. Kitabu nimekimaliza jana, ndiyo mara yangu ya kwanza. Nina swali, ila kwenye mazoezi nimeona haya kuuliza.

Kizibo: Uliza, binti. Hapa hakuna anayejua aibu.

Mirjam: Sibrand anashuka tutani na mkewe na watoto, waimbaji wanaimba, basi. Usiku ule walilala wapi?

Redio akakichukua kile kitabu, akafungua ukurasa wa mwisho.

Upepo: Labda kanisani.

Mimi: Kanisa linazama sehemu ya nne.

Redio: Kwa dada yake, basi.

Mimi: Hana dada.

Niliipitia kichwani mistari yote niliyochapwa fimbo hadi nikaijua. Kuna jua, kuna malaika, kuna heri ya nchi yote. Kitanda hakimo.

Kizibo: Miaka yote namtoa mlangoni pale. Naufunga mlango, naketi, watu wanapiga makofi. Sijawahi kujiuliza.

Akaikamata chupa ampatie mgeni kahawa. Ilitoka nusu kikombe, kisha matone. Akafungua kopo akampa naye biskuti moja, kisha akabaki amelishika.

Kizibo: Aafke anasema kuna dirisha upande wa kaskazini.

Upepo: Linaona bahari?

Kizibo: Sijui. Yeye alikuwa anapima upana.

Akaweka kopo benchini.

Kizibo: Sietse, gari lako lina nafasi?

Benchini hatuitani majina ya nyumbani. Redio alichelewa kidogo kujua kuwa ni yeye aliyeitwa.

Redio: Ipo.

Kizibo: Twende kabla yule mama hajafika. Tumpitie Aafke. Nataka nilale pale kidogo, hata sakafuni, nione mtu akifumbua macho anaona nini.

Upepo: Na sehemu ya tano?

Kizibo: Nikirudi nitakwambia.

Wakaondoka. Kopo lilibaki benchini bila kifuniko. Kifuniko kilikuwa mkononi mwa Kizibo, akienda nacho. Upepo alinitazama, nami nikamtazama. Mirjam, ambaye desturi hajaijua bado, akachukua biskuti ya pili. Nasi tukachukua.