Sista Laurencia na Bango Lililokwenda Matengenezo

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Muuguzi Laurencia Gwandu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Kwa kawaida wasifu wa mstaafu huandikwa na mganga mfawidhi. Huu umeangukia chumba cha dawa, kwa sababu wengine wote waliogopa kuandika mambo ambayo Sista angeyasoma akiwa bado anashika ufunguo wa kabati la chai.

Alianza kazi Digodigo mwaka 1991, akahamia kituo chetu cha afya hapa Karatu 2004 na begi moja na jiko la mkaa. Siku hizo mtu wa Karatu au wa juu Ngorongoro aliyehitaji dawa za VVU alisafiri kutwa nzima kuzifuata. Sista alisumbua kila ofisi yenye mlango, hadi mwaka 2012 kituo chetu kikaruhusiwa kuzitoa, pamoja na za kifua kikuu.

Tulifurahi tukapitiliza. Mwandishi wa wasifu huu, na leo anakiri kwa maandishi, ndiye aliyependekeza bango. Likaandikwa kwa rangi nyekundu: KLINIKI YA VVU NA KIFUA KIKUU, na mshale mnene unaoelekea mlangoni. Lilisomeka hadi kijiwe cha bodaboda ng'ambo ya barabara, ambako vijana wanamjua kila abiria na ukoo wake. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili alikuja kuku.

Miongoni mwa wagonjwa waliohamishiwa kwetu kutoka hospitali za mbali alikuwa Nasha, mke wa boma moja juu Ngorongoro, mjamzito wa miezi mitano. Dawa zake zilikuwa zimebaki za siku chache tu, na bila dawa mtoto angeweza kuambukizwa. Sista alidandia gari la chanjo. Kule bomani, ili wakwe wasishtuke, akatangaza kwamba ametumwa kutafuta mbuzi. Akawakagua mmoja mmoja, macho, meno, kwato, hadi akapata nafasi ya kubaki zizini na Nasha peke yao. Nasha akamweleza kwamba alishafika getini kwetu mara mbili, na mara zote shemeji yake alikuwa pale kijiweni. Aliliangalia bango, akageuza.

Sista alimwachia dawa za mwezi mzima, alizokuwa amezifunga ndani ya khanga. Mbuzi naye ilibidi amnunue, maana alikuwa amewasifia mno. Dereva wa chanjo alilalamikia harufu ya mbuzi hadi wanaingia Karatu.

Kesho yake bango halikuwepo. Ofisi ilipouliza kwa barua, alijibu kwamba limepelekwa matengenezo. Matengenezo hayo yametimiza miaka kumi na tatu.

Tangu hapo tuna benchi moja: presha, wajawazito, vidonda, wote wanaitwa kwa jina kuingia chumba namba mbili, na hakuna anayejua mwenzake kafuata nini. Wenye kikohozi tu ndio huketi nje penye upepo, bila kujali cheo. Mkaguzi mmoja aliyekabwa na vumbi la Karatu alipewa kikopo cha makohozi kabla hajamaliza kujitambulisha. Majibu yalitoka safi, na ripoti yake ikatusifu kwa bidii ya kutafuta wagonjwa.

Leo watu zaidi ya mia tatu wanachukua dawa kwetu na kurudi kwao kabla ya chakula cha mchana. Mtoto wa Nasha alizaliwa salama, vipimo vyote safi. Yuko darasa la sita, na walimu wanalalamika kwamba anaongea sana.

Sista, asante kwa ukali wako, na kwa uongo wako mtakatifu ambao hakuna mwongozo unaouruhusu. Tutakukosa, na tunaiogopa Julai Mosi. Shamba lako la Ganako likupokee vizuri, mahindi yakutii kuliko sisi tulivyokutii, na upumzike kweli, siyo ile ya kusema unapumzika huku unafua mapazia ya wodi.

Wiki iliyopita tulimwomba Nasha ruhusa ya kusimulia habari zake katika jarida hili, tukamwahidi kwamba jina lake tutalibadilisha. Alikataa. Aliagiza liandikwe lake mwenyewe, na nakala kumi zipelekwe bomani.

Silvanus Josephati
Chumba cha Dawa