Ujumbe wa Kumsafisha Baiskeli

Mbele ya ghorofa moja refu la Etobicoke, mtaa wa Toronto, benchi ya saruji inapotazama kituo cha basi, Warundi wachache hukutana kila Jumapili wakitoka ibadani. Kahawa huileta Thacienne, mama Iteka, kwenye chupa ya kuhifadhia joto, Iteka mwenyewe akiwa amelala kwenye kigari. Majina ya ubatizo hayana kazi hapo. Télesphore ni Balozi, kwa sababu aliwahi kuingia ubalozi fulani kule Ottawa, mji mkuu wa Kanada, kuomba choo akatoka na kalenda. Willy ni Sabuni, maana anaosha vyombo mgahawani. Landry ni Baiskeli. Alipokuwa kijana, mgeni nchini, aliiba baiskeli nje ya duka, akaiendesha mpaka ziwani, polisi wakamkuta huko anatazama maji. Akahukumiwa, adhabu akaimaliza, jina likabaki.

Jumapili hiyo Baiskeli alikuwa ameshika kikombe bila kunywa, na Thacienne aliliona hilo mapema. Darasa la Darlène, binti yake Baiskeli, litakwenda shambani kuchuma matofaa, na mzazi anayetaka kuwasindikiza watoto lazima awe na cheti safi cha polisi. Mwaka jana alimwambia mwalimu kwamba yuko kazini. Mwalimu alikubali, Darlène hakukubali. Sasa mwanasheria wa msaada wa kisheria amemweleza kwamba muda umeshapita wa kutosha, anaweza kuomba ile hukumu ya zamani iwekwe kando isionekane tena kwenye cheti. Hatua ya kwanza ni kwenda polisi, kesho asubuhi, kuchukuliwa alama za vidole.

— Vidole tena? Balozi aliuliza. Si wanavyo tangu zamani?

— Wanataka kuhakikisha ni mimi.

— Yaani watu wamekusahau, halafu uende mwenyewe ukawakumbushe.

Sabuni akaona jambo hilo ni jepesi. Alitandaza viganja vyake, akaeleza kwamba maji ya moto yameshamfuta mistari yote, hata simu yake haimtambui. Baiskeli aje jikoni kwao mwezi mmoja, polisi watakosa cha kuchukua.

— Watasema hata vidole ameiba, alisema Balozi.

Wakacheka, na Baiskeli naye akacheka, lakini kikombe akakiweka chini.

Ndipo Balozi alipolichukulia jambo hilo kwa uzito. Kwao Burundi, alisema, mtu aliyekosa haendi peke yake kuomba radhi. Hutanguliwa na msemaji, wakubwa wakafuata, na kreti ya bia ambayo haiguswi mpaka neno lipokelewe. Kosa la Baiskeli lilikuwa kwenda mahakamani miaka ile mikono mitupu. Sasa utaundwa ujumbe wa kumsindikiza. Kwa kuwa bia haiingii polisi, watabeba Fanta. Msemaji atakuwa yeye, na hotuba ameshaianza: atawauliza askari habari za ng'ombe wao. Thacienne alimkumbusha kwamba askari wa Toronto hawafugi ng'ombe, naye akafikiri kidogo, akabadilisha, atawauliza habari za magari yao.

Sabuni alitaka wote washone kitenge cha sare. Balozi akaongeza ngoma. Sabuni akaongeza kwaya, halafu akaona ni hasara kuishia kwa polisi wa mtaani wakati kwaya ipo, afadhali waende Ottawa moja kwa moja. Balozi akasema mwenye baiskeli iliyoibwa naye atafutwe, akae na mkosaji wanywe pombe kwa mirija kutoka chungu kimoja, ishara ya kupatana. Wakashindana kuhusu urefu wa mirija.

— Mimi naacha, alisema Baiskeli.

Sabuni akashusha mkono aliokuwa akipimia mirija.

— Mlango ule wa polisi siwezi kuuingia tena. Watoto wataenda na mama zao.

Thacienne alikiokota kikombe, akamwaga kahawa iliyopoa, akamtilia ya moto. Balozi akasema taratibu, bila sauti yake ya hotuba, kwamba ndiyo maana alitaka ujumbe, ili mlango ule mtu asiuingie peke yake.

Wakati huo alitokea mama mmoja mwenye shali, amebeba bakuli lililofunikwa. Alikuwa Parveen, mzaliwa wa Mwanza, aliyehamia ghorofa ya nne juma lile.

— Hamjambo wanangu. Namtafuta kijana aliyenipandishia kabati lifti ilipogoma. Aliondoka kabla sijamshukuru.

— Ni Baiskeli huyu, alisema Sabuni.

Parveen alimpa Landry bakuli kwa mikono miwili. Lilikuwa na bhajia.

— Baiskeli? Unashindana mbio? Kwa nini wanakuita hivyo, mwanangu?

Balozi, aliyekuwa na maneno ya kufika Ottawa, alitazama viatu vyake. Sabuni alikunywa kutoka kikombe kitupu. Thacienne alitikisa kigari ingawa mtoto alikuwa amelala, kwa aibu, maana yeye mwenyewe alikuwa akimwita mtu huyu hivyo hivyo, hata mbele ya Darlène.

— Anaitwa Landry, Balozi alisema mwishowe. Sisi tulizoea vibaya.

Parveen aliwatazama mmoja mmoja, akaliacha hapo.

— Haya, Landry. Kesho una nafasi? Lile kabati linayumba.

Landry aliliweka bakuli kwenye benchi.

— Kesho asubuhi naenda polisi kuchukuliwa alama za vidole, mama. Nikitoka huko nitakuja.

Parveen alitaka kujua jambo moja tu.

— Unakula pilipili?

— Nakula.

— Basi usinunue chakula njiani. Nitakuwa nimepika.

— Pika cha watu wawili, mama, alisema Télesphore, Balozi mwenyewe. Kesho mimi siko kazini, nitaingia naye.