Sweta la Kupeleka Rombo

Ndani ya basi la mwendokasi, mzee aliyejiita Elimringi alimpa binti aliyeketi kando yake aone sweta zito alilomnunulia mama yake mzazi, kalitoa soko la mitumba la Mchikichini. Mimi, kiti cha nyuma yao, nilitoka jasho kwa kulitazama tu. "Ila mama anasema baridi ya Rombo kule mlimani imepungua," mzee alisema. " Ndiyo mabadiliko ya tabianchi?"

"Hilo ni ongezeko la joto, baba. Mabadiliko ya tabianchi yamebeba na mengine, kama mvua kupotea na migomba kukauka."

"Kwa hiyo sweta halina kazi."

"Kwa hali ya joto, halina."

"La mwaka jana nilipompelekea, mama alilivaa kutwa mpaka nilipoondoka," mzee alisema basi likisimama Magomeni. "Jasho linamtoka, nikimuuliza, anasema anasikia baridi, mradi nilione mwilini mwake."

Binti akalikunja sweta upya, akamrudishia kwa mikono miwili.